M Kwenye Mabano

3 Juni 1991

Kaka Cheche,

Sikusalimii. Salamu ni za watu wenye haya, na wewe haya zako ulizichomelea pamoja na mageti ya watu.

Mama mmemzika lini? Nataka siku na saa. Nataka kujua nani alimwosha, nani alishika kichwa na nani miguu. Na mlipokuwa mnarudi makaburini, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Jamani, Kitinda ameambiwa?" Mimi ndiye niliyezaliwa mwisho. Titi la mwisho la yule mwanamke nilinyonya mimi. Leo najua kifo chake kwa herufi moja!

Hivi ndivyo nilivyojua. Baba mkwe, kama unavyojua, tunakaa naye tangu alipoacha kazi hapo kiwandani. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya kiwanda, na juzi lililetwa kwa jina lake katoni la vijitabu vya sherehe. Mwenyewe hayupo, amekwenda kwa bintiye kwa wiki mbili tatu. Katoni lilikuwa limelowa mvua, nikalifungua ili nivianike vijitabu visiharibike. Nikawa navipanga sakafuni kimoja kimoja, nachungulia picha za watu tuliowajua utotoni, nacheka peke yangu. Nikafika kwenye orodha ya waanzilishi wa idara ya kufuma. Jina la mama ni la tatu kutoka juu, na mbele yake, kwenye mabano: (M).

Kwanza nikadhani ni M ya mwanamke, maana idara ile ilijaa wanawake. Halafu nikatazama jina la juu yake. Ni la yule mzee wa kutia grisi mashine, aliyekuwa akitugawia pipi getini. Na yeye ana (M). Yule si mwanamke, Cheche. Na mazishi yake tulikwenda mimi na wewe, tumevaa viatu vya kuazima.

M ya marehemu.

Nilikaa chini palepale juu ya vitabu vilivyolowa. Mwanangu akaja kunifuta machozi kwa gauni lake, naye hajui hata nalia nini. Mume wangu yuko safarini kikazi, kwa hiyo hata wa kunishika mkono sina.

Najua utasema nilinuna miaka minne. Ndiyo, nilinuna. Mama hakuja kwenye harusi yangu. Mkaniambia amebanwa kifua, na saa ileile ninavishwa pete, watu walimwona uani kwake anaanika nguo. Alimdharau mume wangu, akanidharau na mimi, nikakaa kimya nikingoja aombe radhi. Lakini mtu akinuna hazikiwi mama yake kwa siri! Mngenitumia hata simu ya maandishi. Maneno mawili tu yangetosha.

Usiniandikie mambo ya subira. Niandikie kaburi liko wapi.

Kitinda


12 Juni 1991

Kitinda,

Kaburi lipo. Sasa hivi liko uani linamfokea muuza maji kwa sababu madumu yake yana matope. Limevaa kanga yake ya bluu na limenituma dukani mara mbili tangu asubuhi.

Mama hajafa, wewe! Mzima kuliko mimi. Kama ungefungua ukurasa wa mwisho wa hicho kijitabu kabla ya kuanza kupiga kelele, ungeona wameandika kwa herufi za kusoma kwa darubini: "M: marehemu au mstaafu." Herufi moja kwa wote wawili. Nimekiona na mimi, kimebandikwa getini. Nilimuuliza karani wao, "Bwana, hamwoni kuna tofauti kidogo kati ya mtu aliyelala nyumbani kwake na mtu aliyelala udongoni?" Akanijibu kwamba wote hawapo kazini, na nafasi ilikuwa ndogo. Nikaondoka kabla sijamtia nyundo.

Kwa hiyo umelia bure. Futa machozi, halafu unisikilize na mimi, maana wewe si mwenye hasira peke yako katika ukoo huu.

Miaka minne! Mama alipougua macho, ulikuwa wapi? Paa lilipoezuliwa na upepo, ulikuwa wapi? Kila akisikia gari la posta anajifanya anafagia mbele ya mlango. Umeshikilia harusi, harusi, kama vile mama aliiba keki. Hata siku moja hukuuliza kwa nini hakuja. Ulihukumu, ukapanda gari, ukaenda zako.

Mimi niliapishwa nisiseme, na sitasema. Lakini ukitaka kujua, uliza hapohapo ulipo. Unampikia kila siku.

Barua yako nilikuwa nimeificha kwenye sanduku la vifaa. Mama ameiona akitafuta koleo. Tangu jana kila akikaa kibarazani anaitoa na kuisoma upya. Najionea huruma mimi, na wewe jiandae.

Kakako,
Cheche


14 Juni 1991

Kitinda,

Nimesoma matanga yangu. Umeandika vizuri. Ungekuwa unaandika hivyo tangu mwanzo, nisingekuwa nakaa kwenye kibaraza hiki kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Wewe mtoto, nikiwa hai sikustahili hata mstari mmoja? Nilipokufa ndipo kalamu ikapatikana? Unauliza nani aliniosha. Naoga mwenyewe. Unauliza nani alinishika miguu. Hakuna. Naishika mwenyewe usiku inapouma.

Na mjukuu wangu amefika umri wa kufuta watu machozi, mimi simjui hata sura.

Sasa sikiliza habari ya hiyo M. Kaka yako asikudanganye. Mimi sikufa, na wala sikustaafu. Mwanamke ni kweli, mjane ni kweli, mfumaji ni kweli. M hizo ni zangu, nazikubali zote. Lakini mstaafu ni mtu aliyefika mwisho wa kazi yake, akaagwa, akapewa mkono. Mimi nilifukuzwa. Neno langu linaanza na F.

Ulikuwa unaona mlango wa dharura wa ukumbi wa kufumia, ule wa nyuma? Waliufunga kwa mnyororo na kufuli, eti wanawake wanapitisha vitambaa. Ukumbi mzima wenye vumbi la pamba, cheche moja tu na pangewaka pote, na mlango wa kutokea ni mmoja. Nilisema kwenye vikao nikachoka. Waliniambia ombi langu linashughulikiwa. Siku moja mashine ikatoa moshi, wasichana wakakimbilia mlango wa nyuma wakakuta chuma. Haukuwa moto, ulikuwa mkanda umeungua. Lakini niliona sura zao. Kesho yake nilikwenda na msumeno wa chuma wa kaka yako, nikaukata ule mnyororo mbele ya zamu nzima, mchana kweupe.

Barua ya kufukuzwa nilipewa Alhamisi. "Uharibifu wa mali ya kiwanda." Harusi yako ilikuwa Jumamosi. Aliyetia saini angekuwa amekaa meza ya mbele, na mimi ningekaa kando yake, tukatabasamu kwenye picha. Ningekuja ningemwagia mtu soda, na wewe ungekosa mume. Basi nikakaa nyumbani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, ili mikono ipate kazi.

Aliyetia saini simtaji. Wewe si mjinga.

Mama yako


23 Juni 1991

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, utaniwia radhi mwandiko.

Afisa utumishi, baba mkwe wangu. Nilijua kazi yake tangu siku ya uchumba, na akili yangu haikuwahi kuunganisha. Miaka minne namwekea chai na kumpasia mashati, na kila Idi na kila mwaka mpya ananiuliza, "Mama yako hajambo?" kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha.

Alirudi Jumanne. Nilimwacha akanawa, akakaa. Nikaweka kijitabu kando ya kikombe, kimefunguliwa.

"Baba, hii M ya mama ni ipi?"

Akavaa miwani. "Ya mstaafu, mwanangu."

"Alistaafu lini?"

"Mwaka ule mlipooana."

"Akiwa bado hajafika hata umri wa kustaafu?"

Akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

"Barua yake alitia saini nani?"

"Barua za kiwanda zinatoka ofisini."

"Ofisi ina mikono, baba?"

Akavua miwani. Akasema, "Mkono ulikuwa wangu." Kisha akaanza kunieleza kwamba yeye alikuwa mtumishi tu, meneja aliagiza, angekataa angefukuzwa yeye. Na kwamba kwenye kijitabu hiki amekutendea wema. "Ningeandika nini mbele ya jina la mkwe wangu? Alifukuzwa? Watu wasome? Nimemsitiri."

Nikamwambia, "Umemsitiri yeye au umejisitiri wewe?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, ndiyo kwanza anaingia kutoka safari. Na hakuuliza, "Barua gani?" Hakuuliza, "Mnazungumza nini?" Alitazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anajua. Alijua ananivisha pete, alijua nikilia kwa sababu mama hakuja. Aliniacha nikuchukie kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko mimi kumchukia baba yake. Nilipombana akasema, "Mama yako mwenyewe ndiye aliyetaka yaishe kimya." Tangu siku ile nalala na mtoto.

Lakini na wewe mama nimekukasirikia, tena sana, na sitakuficha. Nani aliwapa ruhusa kunichagulia? Ulijua, Cheche akajua, mume wangu akajua, huyu mzee akajua. Mlikuwa maadui mkaelewana kwa jambo moja tu, kwamba mimi nisiambiwe. Ulininyima nafasi ya kusimama upande wako. Miaka minne nawaambia watu mama yangu ana kiburi. Unaona nilivyokutukana, na kalamu mlinishikisha nyinyi?

Jubilei ni tarehe kumi na tatu Julai. Baba na mwanawe watakwenda kwa gari. Wameniambia niandamane nao. Nimekataa kupanda gari moja nao, hata wangekuwa wanakwenda peponi.

Mwanao,
Kitinda


28 Juni 1991

Mkwe wangu,

Baada ya salamu, husika na kichwa cha habari hapo chini.

YAH: HERUFI ILIYOTUMIKA KATIKA KIJITABU CHA JUBILEI

Kamati imebaini kuwa matumizi ya kifupisho "M" yamesababisha usumbufu kwa baadhi ya familia. Usumbufu huo unasikitisha. Kutakuwa na karatasi ya masahihisho itakayoeleza kwamba mbele ya jina lako herufi hiyo isomeke "Mstaafu".

Nje ya hayo, naomba kama mzazi kwa mzazi umtulize binti yetu. Nyumba haina amani, na mambo yenyewe ni ya zamani. Nilifanya nililoweza kwa nafasi niliyokuwa nayo.

Wako katika ujenzi wa familia,
Mwenyekiti wa Kamati


5 Julai 1991

Mwenyekiti,

Binti simtulizi. Nimemzaa na mdomo wake kwa makusudi.

Karatasi yako ya masahihisho usihangaike kuipiga chapa kama itasema mstaafu. Andika neno zima, bila kufupisha: alifukuzwa. Mbele yake andika sababu. Karatasi ikikosekana nitasema mwenyewe.

Yule mfumaji


15 Julai 1991

Kitinda,

Kaa chini kwanza. Kama kuna chungu jikoni, kiepue.

Mama alikwenda jubilei. Nilimwomba asiende, nikajifanya naumwa tumbo, akaniambia, "Basi ugua, nakwenda peke yangu." Nikavaa viatu.

Sherehe ilikuwa uwanjani, mbele ya ukumbi wa kufumia. Maturubai, viti vya kukodi, meza ya wakubwa imewekewa maua ya plastiki. Mkweo alikaa pale na suti ya kijivu. Shemeji alikuwa nyuma yake, alituona akainamisha kichwa. Mama alikwenda moja kwa moja safu ya tatu, katikati ya wenzake wa zamu ya asubuhi. Wengine walishtuka kumwona. Mmoja alimpapasa bega kabisa, maana alikuwa amesoma kijitabu.

Karatasi ya masahihisho haikuonekana. Labda nayo nafasi ilikuwa ndogo.

Basi mshereheshaji, kijana mmoja wa ofisini mwenye tai fupi, akashika kipaza sauti: "Sasa naomba tusimame kwa dakika moja, tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele za haki." Watu wote wakasimama, kofia zikavuliwa. Akafungua kijitabu na kuanza kusoma kila jina lenye M. Kitinda, yule kijana hakuwa amefika ukurasa wa mwisho kama wewe! Akasoma mlinzi wa zamani wa getini, na mlinzi mwenyewe amesimama pale na fimbo, akajitazama tumbo kama anahakikisha. Watu wakaanza kukohoa. Akasoma mzee wa grisi, ikawa kimya cha kweli. Akasoma mama.

Mama akasema, "Nipo."

Kijana akatafuta sauti imetoka wapi.

"Nipo, mwanangu. Nimesimama hapa najikumbuka mwenyewe."

Kicheko kikapasuka, na mimi nikacheka, nikadhani yameisha. Lakini mama alikuwa anatembea. Alipita kati ya viti hadi mbele, akamnyang'anya kijana kipaza sauti kwa upole kama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Nimeambiwa hii ni M ya mstaafu," akasema. "Sikustaafu. Afisa utumishi yuko pale, mwenye suti ya kijivu. Naomba awaambie M yangu ni ya nini."

Meneja akaashiria bendi wapige. Mpiga ngoma akatazama mama, akaweka vijiti chini. Mkweo alikaa hivyo, akanywa maji, akayameza kama mawe. Nilidhani atatoka. Kisha akasimama palepale mezani, hakuja hata kwenye kipaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Alifukuzwa. Nilitia saini mimi."

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kwa kosa gani?"

"Kwa kukata mnyororo wa mlango wa dharura."

"Mlango upi?" Yule mwanamke alikuwa anajua vizuri mlango upi. Alitaka tu aseme.

"Ule," mkweo akasema, akanyoosha kidole.

Wote tukageuka kuutazama. Uko wazi hadi leo, una komeo la kusukuma tu. Wiki ile walipomfukuza mama walinijia mimi karakanani nichomelee pete mpya za mnyororo, nikawafukuza na kazi zao zote. Kila fundi waliyemwendea alikuwa amesikia habari ile, akakataa, mwishowe wakachoka.

Zamu ya asubuhi wakaanza kupiga makofi. Hayakuwa makofi ya harusini. Walikuwa wanapiga polepole, wameuma meno, wanamtazama meneja usoni. Waliendelea hadi meneja akatangaza chakula kabla ya wakati.

Mama hakula. Njiani nilimuuliza, "Sasa umeridhika?" Akanijibu, "Nimeridhika nini? Amesema kosa langu. Hajasema lake."

Shemeji alitufuata hadi barabarani. Alitaka kumsalimia mama. Mama aliitikia salamu, basi. Sijui huko kwako amerudi na sura gani.

Cheche


2 Agosti 1991

Kitinda,

Barua yako ya juzi nimeipata. Unauliza ufanye nini na ndoa yako. Hilo usiniulize mimi. Nilikuchagulia mara moja bila kukuuliza na umeniambia ulivyoona. Ulisema kweli. Iliniuma siku nyingi. Usiivunje kwa ajili yangu na usiivumilie kwa ajili yangu. Mume wako amekosa, lakini makosa yake ni yako wewe kuyapima.

Unasema mzee amehamia kwa bintiye na ameacha barua ya kuniomba radhi nawe unauliza kama uilete. Ilete. Sitakuahidi kuisoma.

Unasema pia utakuja Ijumaa na mtoto, na kwamba unaogopa, kwa sababu hujui tutaanzia wapi. Mimi najua. Nina maneno ya miaka minne yamenikaa hapa kooni, na wewe najua unayo yako, maana nimekulea. Usije kwa magoti na usije na zawadi ya kunifunga mdomo. Kaka yako nimemwambia atafute kazi ya mbali siku hiyo. Mtoto atalala mapema, chumba cha nyuma, hatatusikia.

Njoo tugombane. Mambo haya hayamalizwi kwa stempu.

Mama yako